Uzi: Kitabu chako cha muda wote ni kipi, na kinasomwaje? Kanda ya Ziwa tukutane hapa

MwaloMkuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za vitabu zina mwendo wake: mmoja anataja jina, wa pili anasema "hicho ni hatari", wa tatu anaomba atumiwe WhatsApp, basi, uzi umekufa. Huu tuuendeshe kwa masharti. Ukitaja kitabu, sema kilitoka mwaka gani, kina ukubwa gani, msomaji mgeni hukwama wapi na atokeje hapo. Mwisho wa hadithi usiumwage hadharani.

Nafungua na mzee wetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza (1896–1981): *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mswada aliuandika kwa Kikerewe akaumaliza 1945. Mchapishaji hakupatikana. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa 1980, yaani miaka 35 baadaye. Kurasa zinapita 600.

Wengi hukikimbia mapema, na sababu ni moja: wanasoma huku wanasubiri tukio. Tukio lipo, tena zito. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanamchukua, Myombekere inambidi aende ukweni kumwomba mkewe. Ila Kitereza hana haraka. Mgeni akifika kwenye mji wa mtu utaonyeshwa anavyosalimia, anavyokaribishwa, anavyolishwa na anavyoaga. Aliyezoea riwaya za upelelezi anaruka hayo yote, halafu anashangaa hadithi "haina kitu". Amekiruka chenyewe.

Dawa: kurasa 20 kwa kikao, kwa sauti, ikiwezekana watu wawili wakipokezana. Kikao kimoja kila siku, mwezi mmoja na ushei umemaliza. Weka karatasi ya majina kwenye jalada, maana wakwe, mashemeji na majirani ni wengi, na ukipoteza nani ni nani upande wa mke, sura za ukweni zote zinakuwa ukungu.

DagaaMchanga

Mkuu umeanza na jiwe zito. Mimi swali tu: ile faini ya pombe ya ndizi aliyotozwa Myombekere na wakwe zake, mbona imekuwa jambo kubwa hivyo? Pombe si unaenda unanunua?

BibiWaNansio

Mwanangu, pombe ya kununua ni ya leo. Ukijua inavyotengenezwa utaielewa faini.

Ndizi za pombe hazichumwi zikala. Zinakatwa zikiwa zimekomaa ila mbichi, zinavundikwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zinafunikwa kwa majani na udongo, siku nne mpaka sita hivi kutegemea joto. Ukifukua mapema zina wanga, hazitoi maji. Ukichelewa zinakuwa uji unaonata na juisi haichujiki. Zikiwa tayari zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi kavu ndani ya mtumbwi wa pombe. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuiachia juisi itoke. Bila nyasi unapata rojo. Inachujwa, inaongezwa maji kiasi, halafu unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa na kuachwa usiku kucha au siku nzima ichachuke.

Sasa piga hesabu: mikungu mingi, shimo, mtumbwi, mtama, mitungi, na watu wa kukanda na kubeba. Mwanamume aliyenyang'anywa mke hawezi peke yake. Lazima aende kwa majirani. Faini imetozwa kwa mmoja, lakini wote wanajua kwa nini anaomba msaada. Hapo ndipo ukwe unapomfundisha adabu. Usomapo sura zile usiruke kipimo hata kimoja.

DagaaMchanga

Wabeja sana bibi. Narudi kukisoma upya na daftari.

KisoryaRugezi

Nyongeza kwa wanaosoma Kiingereza pia. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, alikitoa kwa Kiingereza mwaka 2002 kupitia Mkuki na Nyota. Alitafsiri kutoka mswada wa Kikerewe, si kutoka Kiswahili cha 1980. Kwa hiyo mkiweka vitabu viwili mezani msishangae sentensi kukataa kulingana, wala msidhani mmoja amekosea. Kijerumani wamekigawa juzuu mbili (1991 na 1993), Kifaransa vilevile (1996 na 1999).

Na mimi cha muda wote ni Kezilahabi, ila siyo kitabu kimoja, ni mpangilio. Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe hiyohiyo. Watu wanamharibu kwa kuanzia pasipostahili: mtu anasikia sifa za *Nagona*, anaona kijitabu hakifiki kurasa 100, anasema hiki namaliza leo. Anafika katikati hajui yuko wapi, anakitupa, na mwandishi mzima anakuwa amekufa kwake.

Ngazi ni hii. *Rosa Mistika* (1971) kwanza. Hadithi imenyooka: baba mlevi na mkali, binti anakwenda shule, uhuru unamkuta hajaandaliwa. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na vijana wanakifungua wakitafuta uchafu. Usikisome hivyo. Mwangalie Zakaria, baba mtu: kila kinachompata Rosa baadaye mzizi wake uko kwenye namna Zakaria anavyoilinda nyumba kwa fimbo.

Kisha *Kichwamaji* (1974). Hapa anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, na kosa la wasomaji wengi ni kumwamini. Kazimoto ni msomi, anazungumza vizuri, anawaona wenzake wote wajinga. Soma ukiwa na penseli, weka alama kila anapomhukumu mtu, halafu tazama naye anafanya nini kurasa chache mbele. Ukisoma bila kufanya hivyo utaona kitabu cha kukata tamaa tu.

Baada ya hapo *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), halafu *Gamba la Nyoka* (1979) kama unataka kujua watu walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa. Hivi viwili vinataka ujue Azimio la Arusha la 1967 lilisema nini. Usipojua, hasira za wahusika zitaonekana za bure. *Nagona* na *Mzingile* mwisho kabisa.

NyegeziKona

Napinga kidogo. Kuna msomaji wa aina nyingine, yule anayependa mashairi kuliko hadithi. Huyo ukimpa *Rosa Mistika* atasema ni mahubiri. Mpe *Nagona* moja kwa moja, ila mpe na maelekezo: asitafute mji kwenye ramani, asiulize mwaka gani, asome kama anaota. Anasafiri, anakutana na watu, anatajiwa wanafalsafa, ngoma kuu inasubiriwa. Asome mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza bila kusimama. Ya pili aandike picha zinazojirudia na ukurasa wake. Ukisimama kutafuta maana mara ya kwanza ndipo unapozama.

KisoryaRugezi

Mara mbili mfululizo! Wewe unazungumzia mtu mwenye muda wa Nyegezi. Lakini nakubali kwa mtu wa mashairi. Huyo basi aanze na *Kichomi* (1974). Pale Kezilahabi aliacha vina na mizani, na wazee wa ushairi wakamjia juu. Kosa la kusoma mashairi yale ni kuyaimba, hayaimbiki. Fuata pumzi: simama kwenye alama, siyo mwisho wa mstari.

DadaIgoma

Hivi mmeona? Kitereza, Kezilahabi, Ruhumbika. Kisiwa kimoja! Sisi wa bara tumekaa kuuza vitumbua.

BibiWaNansio

Usiku wa kisiwani ni mrefu, ndipo hadithi zinapozaliwa.

MtuWaMusoma

Mkoa wa Mara nao upo, msitusahau. Cha muda wote kwangu ni tafsiri mbili za Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama: *Juliasi Kaizari*, iliyotoka kwanza 1963 na kurekebishwa 1969, na *Mabepari wa Venisi* (1969). Shakespeare kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimesimama.

Zinashindikana kwa sababu watu wanazisoma kimya, peke yao, kitandani. Hizo ni tamthilia. Kaeni wanne, gaweni sehemu, someni kwa sauti. Na msianzie mwanzo kama kundi ni geni. Kwa *Juliasi Kaizari* anzeni tendo la tatu onyesho la pili: Bruto anahutubia, kisha Antonio anapanda na umati unageuka. Kwa *Mabepari*, tendo la nne onyesho la kwanza, kesi ya Shailoki. Kundi likishaonja hapo linarudi mwanzo lenyewe. Mistari haina vina, hivyo msomaji asishushe sauti kila mwisho wa mstari. Akishusha, maana inakatika na wasikilizaji wanasinzia. Umati upewe watu wawili angalau, mmoja hawezi kugeuka kama umati.

FuruHai

Naona riwaya tupu. Mimi naleta cha samaki, kwa Kiingereza: *Darwin's Dreampond* cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi. Kwa Kiholanzi kilitoka 1994, Kiingereza 1996. Kinahusu furu wa Ghuba ya Mwanza, hapahapa, na sangara alivyowamaliza.

Kwa asiyejua: furu ni vile visamaki vidogo vyenye mamia ya aina katika ziwa letu, wengi hawapatikani popote pengine duniani. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akalipuka, furu wakaporomoka. Mwandishi alikuwa kwenye kundi la watafiti waliokuja kuhesabu furu, wakajikuta wanahesabu wanaopotea.

Ugumu wake ni majina ya kisayansi. Usiyakariri. Chora jedwali la safu tatu: anakula nini, taya na meno yakoje, anaishi kina gani. Anayepondaponda konokono ana meno ya kooni mapana na butu. Anayekwangua mwani ana meno mengi madogo. Anayewinda wenzake ana kinywa kirefu. Ukishapata jedwali hilo, hoja ya kitabu inakuja yenyewe: mdomo ndio ulioligawa ziwa. Sura za sangara zinasomeka bila jedwali.

Nenda nacho mwalo wa Kirumba, Mwanza, kaa karibu na wavuvi wazee, waulize majina ya furu wanayoyajua. Utapata mengine ambayo kitabu hakina.

DadaIgoma

Sasa tunavipata wapi? Hiki cha Kitereza nimetafuta mitumba yote ya vitabu mjini, sijakiona. Kuna mtu anauza kopi ya kudurufu, anasema ni kamili.

Ninunue?

FundiJalada

Dada, usitoe hela kabla hujafanya haya, na hayachukui dakika tano.

Kitabu cha kiwandani hutoka mtamboni kwa mafungu yaliyokunjwa, mara nyingi kurasa 16 au 32. Kwa hiyo kasoro zake huja kwa fungu. Angalia namba za kurasa: ukiona 96 halafu 113, fungu zima la kurasa 16 halipo. Wakati mwingine fungu limeingia mara mbili, unasoma 97 mpaka 112 kisha 97 tena, na lililostahili kufuata limekosekana. Kupekua mwanzo na mwisho hakutoshi. Pitisha kidole gumba kona ya chini ukitazama namba tu.

Kopi ya kudurufu kasoro zake ni nyingine. Karatasi inarukwa pale aliyedurufu alipofunua mbili kwa pamoja, hivyo zitakosekana namba mbili zinazofuatana. Maneno ya upande wa mgongo yanakuwa meusi na kupinda kwa sababu kitabu hakikulala bapa kwenye kioo. Fungua katikati kabisa, soma mistari mitatu ya ndani. Ikikushinda hapo, itakushinda kurasa mia. Mwisho, tazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu: mchapishaji na mwaka. Kopi nyingi zimeukosa huo. Na tusizungushe: kopi ya kudurufu mwandishi au warithi wake hawapati senti.

Kabla ya kununua nenda maktaba. Ulizia kwa jina la mwandishi, Kitereza, siyo jina la kitabu, maana jina refu lile kila karani analifupisha kivyake. Kwenye maktaba zinazotumia mpango wa Dewey fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392, zile za vyuo zinazotumia mpango wa Congress, tafuta PL 8704. Ukijua rafu huna haja ya kusubiri mtu.

MwaloMkuu

Hii ya rafu ni nondo. Fundi, umo humu, tupe na utunzaji. Unyevu wa huku unajulikana.

FundiJalada

Haya, kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Kabati lisiegemee ukuta wa nje, hasa masika. Acha upenyo wa sentimita 5 nyuma, na rafu ya chini iwe sentimita 10 juu ya sakafu. Vitabu visibanane mpaka uvute kwa nguvu. Hewa ikikosa kupita ukungu unaanzia mgongoni. Usivute kitabu kwa kushika juu ya mgongo. Sukuma cha kushoto na cha kulia ndani kidogo, ushike chako katikati.

Ukungu ukishaingia, toa kitabu nje penye kivuli na upepo, ziba pua, piga brashi laini kuelekea mbali nawe. Kitambaa chenye maji ni kosa kubwa: unaupaka ukungu ndani ya karatasi.

Kikilowa, tuseme kwenye boti, una saa 48 hivi kabla ya ukungu. Kikiwa chapachapa usikifunue. Kisimamishe juu ya taulo au karatasi za chooni maji yashuke. Kikifikia unyevu wa kawaida ndipo uingize karatasi za chooni kila baada ya karatasi 10 hadi 15, uzibadilishe zikilowa, na feni ipulize pembeni, isipige moja kwa moja. Jua kali hapana, litakunja jalada. Kikikaribia kukauka kilaze chini ya uzito siku nzima au zaidi. Kurasa zinazong'aa, zenye picha, zitenganishe zikiwa bado mbichi. Zikikaukiana ndiyo basi tena. Huna nafasi leo? Funga kwenye mfuko wa plastiki uweke friza, utashughulika nacho wiki ijayo. Friza za Mwanza si za minofu tu.

Friza hiyohiyo ni dawa ya wadudu wa vitabu. Mfuko ufungwe hewa isiingie, nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo jasho la baridi litalowesha karatasi.

DagaaMchanga

Kurasa zilizochomoka je? *Kichwamaji* changu kimebaki kama karata.

FundiJalada

Selotepu ukae nayo mbali, inageuka njano, inanata na kurarua maandishi. Karatasi moja au mbili: paka gundi nyeupe ya mbao ukingoni, upana wa milimita 3, kwa kijiti siyo kidole, sukuma ndani mpaka ilingane na wenzake, weka karatasi ya nailoni pande zote gundi isisambae, kandamiza usiku kucha.

Kama kimeachia chote, kishone. Panga kurasa, gonga mgongo mezani zilingane, bana kwa mbao mbili. Toboa matundu 5 kwa msumari mwembamba, milimita 8 kutoka ukingo wa mgongo. Angalia kwanza kama maandishi yana nafasi upande huo, maana ukitoboa karibu na maneno kitabu hakitafunguka kusomeka. Pitisha uzi wa pamba uliopakwa nta ya mshumaa, kwenda na kurudi, funga fundo nyuma. Ndugu zangu wa mialoni, uzi wa nyavu ni imara lakini ni nailoni: utaishika karatasi miezi michache kisha utaikata kama wembe.

MwalimuSengerema

Nimepita kimya nikisoma, na nina la kuongeza kwa walio na nakala moja na wasomaji wengi, hali yetu huku.

Kitereza anagawanyika vizuri kwa kundi la watu sita. Msomaji mmoja kwa jioni, wengine wanasikiliza, kila mmoja ana kazi: wa kwanza anaandika majina na undugu, wa pili anaandika kazi za mikono zinazoelezwa (uvuvi, kilimo, pombe), wa tatu dawa na miiko, wa nne methali, wa tano anauliza maswali. Kazi zizunguke. Kundi lisizidi wanane, kwa sababu nyuma hawasikii na simu zinatoka. Na taa: jioni wale wadudu wa ziwa wanapotanda kama moshi, taa moja juu ya kitabu inawaita wote, wakipondeka kwenye ukurasa doa halitoki. Weka taa kubwa mlangoni iwavute huko, msomaji atumie ndogo.

Kwa vijana wa sekondari ningeanza na *Rosa Mistika*, lakini sura za mapenzi zisirukwe. Mwalimu akiruka, watazisoma wenyewe chini ya dawati bila mtu wa kuwauliza.

NyegeziKona

Mwalimu, hapo kwenye kundi mnamalizaje ugomvi wa tafsiri? Sisi *Mzingile* ilitaka kuvunja urafiki.

MwalimuSengerema

Sharti moja: anayedai jambo ataje ukurasa na asome mstari. Asiye na ukurasa ananunua maji ya kunywa. Kwa *Mzingile* ongeza maji.

DadaIgoma

Kitereza amepatikana! Maktaba, rafu ileile ya 896. Mgongo umeachia kidogo, namba nimepitisha kidole zote zipo. Fundi, cha maktaba naruhusiwa kukipaka gundi?

FundiJalada

Hapana. Cha maktaba usikiguse. Kifunge kwa utepe mpana wa kitambaa kuzunguka jalada, usitumie mpira wa kubania, unakata kingo. Ukirudisha mwonyeshe mkutubi palipoachia, yeye atakipeleka kwa fundi wao. Na ukisoma usikilaze wazi kikiangalia chini.